Mama Albertine Mwape Chomba, Mpishi wa Vyungu wa Kwa Foko (1931–1988)

Baba Paroko, wazee, majirani wa Makomeno, wafanyakazi wa kiwanda wa posti zote, za mchana na za usiku, na ninyi nyote mliolala nasi kilioni katika baridi hii ya mwezi wa sita, aksanti. Kabla hatujamshusha mama yetu, kaeni kidogo msikie alikotoka na alivyoishi. Maneno haya yameandikwa na mtoto wake wa pili, Clotilde, anayewasomea. Jamaa nzima imeyasahihisha kwa siku mbili, na juu ya tarehe nyingine tumebishana sana. Tulipokosa kukubaliana tumefuata daftari la kanisa.

Mwape alizaliwa tarehe 17 Machi 1931 huko Pweto, mahali Ziwa Mweru linapotoa maji yake kwenda mto Luvua. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Chomba, aliyekausha samaki na kuwapakia kwenye malori ya Elisabethville, kama mji wetu huu ulivyoitwa wakati ule, na Mama Chisenga, mfinyanzi. Watoto wengine wa nyumba ile walipewa kisu cha kupasulia samaki mara tu walipoweza kukishika. Mwape alikikataa kisu. Alikaa nyuma ya nyumba na mama yake, akikanda udongo, akitwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika ili kuuchanganya, na akijua kwa kugonga kwa ukucha kama chungu kimeiva au bado. Baba yake alinung'unika kwamba mtoto huyu hatajua kazi ya maana, lakini kila jioni alikula samaki wake kutoka chungu cha mtoto huyo.

Alisoma kwa masista wa Pweto kuanzia mwaka 1939 hadi 1943, miaka minne. Huko alibatizwa Albertine, Pasaka ya mwaka 1941. Alisoma na kuandika vizuri, na Kifaransa alikielewa kuliko alivyopenda watu wajue. Hesabu hakuipenda. Siku moja wakati wa hesabu alifinyanga chini ya dawati kichwa cha sista mwalimu, pamoja na kitambaa chake cha utawa. Sista alikikamata, akakigeuzageuza, darasa zima likangoja fimbo. Sista akakiweka dirishani, akasema, "Adhabu yako, Albertine, ni kufanya kingine. Hii pua si yangu." Mama yetu alisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara alikiri kwamba hata pua ya pili hakuipata.

Mwaka 1949 kijana wa Pweto aitwaye Lucien Chola alirudi nyumbani kwa likizo. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Elisabethville, mtu mpole, mwenye maneno machache. Alikuja kwa Mzee Chomba kununua samaki wa kurudi nao mjini, akaja kesho yake kununua wengine, na siku ya tatu Mama Chisenga akamwuliza kama huko mjini watu hawali kitu kingine. Walifunga ndoa kanisani Pweto, Jumamosi tarehe 20 Agosti 1949. Bibi arusi alisafiri mpaka mjini juu ya lori, ameketi kwenye mafurushi ya samaki, na kwa juma zima majirani wa kambi walijua kwa harufu ni nyumba gani imeoa. Mungu aliwapa watoto sita. Wawili hawakukaa, na mama yetu hakuacha kuwataja kila Siku ya Wafu. Mwaka 1966 baba yetu alipandishwa kuwa msimamizi kwenye tanuru, wakahamia Makomeno, katika nyumba ile ambayo ninyi nyote mmetoka asubuhi hii.

Sasa tufike kwenye kazi, kwa maana wengi mliosimama hapa mlimjua kupitia kazi.

Mwaka 1968 alikuwa akiuza samaki wa Pweto mlango kwa mlango. Siku moja ya mwezi wa nane alipita nyuma ya jengo jipya, kwenye barabara iendayo kiwandani, akamwona Mchina mmoja ameketi juu ya sanduku la mbao, mikono kichwani. Alikuwa Bwana Laurent Fok. Wazazi wake walitoka Canton, yeye mwenyewe alizaliwa Tamatave huko Madagaska, na alikuwa amekuja mjini kwetu kufungua mkahawa wa kupika wali kwenye vyungu, kama kwa baba yake. Mkahawa alikuwa ameufungua Jumamosi iliyopita, tarehe 3 Agosti, kwa vyungu vichache alivyobeba mkononi. Vile vingine arobaini vilikuwa vimekuja kwa meli na kwa treni, na siku ile ndiyo alikuwa amepasua sanduku. Vizima vilikuwa saba.

"Papa, hapa bananunua samaki?" mama yetu akauliza.

"Hapana samaki," Fok akajibu kwa Kiswahili chake cha miezi miwili. "Angalia. Kwisha."

Mama akatua beseni, akaokota kigae, akakigonga kwa ukucha, akakigusa kwa ulimi. "Hii udongo yenu iko na mchanga mingi," akasema. "Mama yangu anafinyanga nyungu. Na miye najua."

"Weye?"

"Miye. Lakini utanipa mwezi moja. Na hivi vigae, usitupe."

Udongo aliuchimba kando ya kijito kwenye njia ya Luano, akaubeba kichwani. Vyungu vitatu vya kwanza vilipasuka vyote jikoni mbele ya Fok, cha tatu kikiwa na kuku ndani. Vyungu vya Pweto vilizoea mafiga na moto wa taratibu. Vya Fok vilihitaji chini bapa na moto mkali wa makaa kwenye mbabula, jiko la bati. Mama yetu hakuomba radhi wala hakukata tamaa. Alirudi nyumbani, akatwanga vile vigae vya Kichina mpaka vikawa kama unga, akavichanganya na udongo wa Luano, akafinyanga upya. Kisha alimwendea Mzee Nasoro, fundi wa kufua shaba, Mwislamu ambaye babu yake alitoka Maniema, akamwomba avifunge vyungu kwa waya wa shaba ili hata kimoja kikipata ufa kisimwage chakula. Kufikia mwezi wa kumi na moja vyungu thelathini vilikuwa tayari. Fok alikiweka cha kwanza motoni, akakitazama kwa nusu saa bila kuketi. Hakikupasuka. Akamwuliza mama kama anajua pia kupika.

Ndivyo alivyoingia jikoni, na jikoni ile ikawa yake. Fok alimfundisha kuosha mchele, kuuacha unywe maji, kupanga kuku na uyoga juu yake, kufunika, na kusikiliza. Alisema chungu kinaongea: kwanza kinachemka, halafu kinanong'ona, halafu kinatatarika kama majani makavu, na hapo ukoko umekuwa wa rangi ya dhahabu, ukitoe motoni. Mama yetu naye alimfundisha Fok mambo ya kwetu. Samaki mkavu wa chumvi ambaye kwao huwekwa juu ya wali, aliyetoka mbali na kufika ameoza, akawa samaki wa Pweto. Uyoga wa makopo ukawa uyoga wa msituni, unaouzwa kando ya barabara mvua zinapoanza. Fok alipouonja mara ya kwanza aliweka kijiko chini, akatoka nje kidogo, akarudi kuendelea.

Saa za kufungua walizigombania. Fok alifungua mchana na jioni, na kati ya hapo alifunga akalala, kama wafanyavyo wenye mikahawa ya mjini.

"Papa Foko," mama alimwambia, "bantu ya posti ya asubuhi banatoka kazi saa nane. Saa nane weye unafunga mulango. Banaenda kula fasi gani?"

"Saa nane mupishi analala."

"Bien. Weye ulale. Miye nitapika."

Basi tangu Januari 1969 mlango ulifunguliwa saa kumi na moja alfajiri na haukufungwa tena mpaka saa mbili za usiku. Aliyeingia kazini alipata uji wa wali na tangawizi. Aliyetoka kazini alipata chungu chake. Aliyekuja saa nne au saa kumi, saa ambazo kwingine angeambiwa jiko limezimwa, alikaribishwa kama aliyengojwa. Fok alilala mchana siku tatu tu. Siku ya nne alishindwa na kelele za vicheko jikoni, akaamka kuona wanachekea nini. Ilikuwa yeye, kwa jinsi anavyokoroma.

Kulikuwa na wale waliolalamika kwamba wali si chakula, kwamba bila bukari, ugali wetu, mtu anarudi nyumbani na njaa. Fok alikataza kata kata bukari isiingie kwenye chungu cha Canton. Mama yetu hakubishana. Siku iliyofuata alipika samaki na mboga kwenye chungu, akaweka donge la bukari kwenye sahani pembeni, akampelekea Fok mezani. "Bukari haiko mu nyungu," akamwambia. "Iko jirani." Fok akala, akamaliza, na tangu siku hiyo akawaambia wateja kwamba ni fikira yake mwenyewe.

Mzee Nasoro, aliyefunga waya kwenye kila chungu, alikuwa akiketi mlangoni akinywa chai bila kula, kwa sababu jikoni ilipikwa nyama ya nguruwe. Mama yetu aliliona hilo. Alifinyanga vyungu kumi na viwili vyenye vifuniko vya pembe tatu, akavitengea mbabula zake na kijiko chake upande wa pili wa ukuta, akawakataza wapishi wote kuvigusa. Kisha akamwekea Mzee Nasoro kimoja mezani. Mzee aliuliza mara moja, akajibiwa, na kwa miaka iliyobaki hakuuliza tena. Wengi wa msikiti waliomfuata wako hapa leo. Tunawashukuru kwa kuja.

Mwaka 1972 serikali ilipoagiza majina ya kigeni yaachwe, ubao wa mkahawa uliosema La Marmite de Canton, yaani Chungu cha Canton, uliandikwa upya ukawa Nyungu, na kwenye kitambulisho Albertine akawa Mwape Chomba peke yake. Watu waliendelea kusema Kwa Foko, na mama yetu aliendelea kusali kama Albertine.

Sehemu inayofuata jamaa wengine walitaka iachwe. Mzee Kalaba, kaka mkubwa wa baba yetu, ambaye ameketi pale mbele, ndiye aliyeagiza isomwe bila kufichwa. Hatusemi siasa hapa. Tunasema yaliyompata mama yetu.

Baada ya hatua za serikali za Novemba 1973, maduka na mashamba ya wageni yalikabidhiwa kwa wananchi walioitwa acquéreurs. Mkahawa wa Fok alipewa Mzee Kalaba. Jamaa walifurahi. Watu walikuja Makomeno kumpongeza mama yetu, wakimwambia sasa jikoni imekuwa ya kwao.

Jumatano tarehe 20 Februari 1974, saa tisa mchana, mvua ikinyesha, Mzee Kalaba aliingia akiwa amevaa abacost mpya, suti isiyo na tai ya wakubwa wa siku zile, pamoja na maofisa wawili. Meza zote zilikuwa zimejaa watu wa posti ya asubuhi. Baba yetu Lucien alikuwa miongoni mwao, chungu chake mbele yake. Ofisa akasoma karatasi kwa sauti. Fok alisikiliza amesimama, upawa mkononi. Ofisa alipomaliza, Fok akavua eproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka mezani na funguo juu yake. Akauliza, bila kumwuliza mtu fulani, "Na miye naenda wapi?"

Mzee Kalaba hakuwa mtu mkatili. Alitazama chini. "Citoyen, ni sheria," akasema. Kisha akamgeukia mama yetu, shemeji yake. "Mulamu, weye usiogope. Weye unabaki. Sasa weye njo chef mu jikoni. Hii ni kintu ya familia."

Mama yetu alirudi kwenye moto. Vyungu vinne vilikuwa motoni na wenyewe walikuwa wanangoja. Aliviondoa kimoja kimoja vilipoiva, akawapelekea, akapangusa mikono. Akamwuliza ofisa, "Papa, hii karatasi inasema nini juu ya nyungu?"

Ofisa akapitisha kidole. Meza, viti, friji, sufuria za aluminiamu. "Nyungu haiko," akasema. "Ile ni udongo tu."

"Aksanti," akasema mama yetu. Akawageukia waliokuwa wanakula. "Babaye, mukimaliza, kila muntu abebe nyungu yake. Munipelekee ku Makomeno."

Hakuna aliyesogea. Wote walimtazama baba yetu. Mzee Kalaba alikuwa kaka yake, tena mkubwa, aliyemlipia nauli ya kwanza ya kuja mjini. Baba yetu aliweka kijiko chini. Halafu alifunika chungu chake kilichobaki nusu, akakikumbatia, akamwambia kaka yake, "Yaya, unisamehe," akatoka mvuani wa kwanza.

Wengine wakafuata. Wanaume thelathini na zaidi walipita barabarani siku ile wakiwa na vyungu vya moto vifuani, wengine wamejifunika vifuniko kichwani kwa ajili ya mvua. Mzee Kalaba alimfuata mama yetu mpaka mlangoni. "Albertine! Unanipatisha haya mbele ya bantu!"

"Mulamu, mi nakuheshimu," akamjibu. "Weye njo mukubwa ya bwana yangu. Lakini siwezi kupika mu nyumba banafukuza mwenyewe." Akarudi ndani, akamshika Fok mkono, wakaondoka pamoja.

Jioni ile alilia sana, watoto wake waliona. Alijua amevunja kitu ambacho hajui kama kitaungika. Fok alipewa chumba cha wavulana, na wavulana wakalala sebuleni kwa miaka miwili na nusu. Asubuhi ya pili mama yetu aliwasha mbabula uani. Watu wa kiwandani waliijua njia, kwa kuwa wao ndio waliobeba vyungu. Hapakuwa na ubao wala meza, bali mabenchi mawili ya kuazima na bati la kukinga mvua, na moto uliwaka kuanzia alfajiri mpaka jioni kama zamani.

Upande wa pili, jengo likawa baa. Bia ilipokosekana, baa nayo ikafungwa, kabla mwaka haujaisha. Mzee Kalaba hakukanyaga Makomeno. Dada yetu Simone alipoolewa mwezi wa saba 1975, kiti cha baba mkubwa kilibaki wazi mbele ya watu wote, na baba yetu alikataza mtu mwingine asikikalie.

Mzee Kalaba alikuja mwezi wa kumi mwaka ule, saa nne asubuhi, peke yake. Aliketi mwisho wa benchi kati ya vijana wawili wa tanuru ambao hawakumjua. Mama yetu alimwona. Alimpikia chungu cha samaki wa Pweto, akamwekea, akarudi kwenye moto. Mzee Kalaba alikula polepole mpaka akafika chini, akakwangua ukoko, akakifunika chungu. Akangoja mpaka benchi limebaki tupu.

"Mulamu," akasema, "ile fasi imekufa mu mikono yangu."

"Nilisikia."

"Nilikosa. Nilikosa weye, nilikosa mudogo yangu, na ule muntu eko mule ndani."

Mama yetu alifunua kile chungu, akachungulia ndani. "Umeshiba?" akauliza.

"Bado."

"Basi ikala. Nitakuongeza." Akaita kuelekea ndani, "Papa Foko! Kuya, iko mugeni yako."

Waliyoongea wazee hao wawili siku ile hatuyajui. Tunachojua ni kwamba mwaka 1976, iliporuhusiwa kuwarudishia wenye mali mali zao, Mzee Kalaba alitembea na Fok ofisi kwa ofisi kwa miezi saba, akivaa abacost ile ile, na hatimaye akaweka saini yake mwenyewe. Mkahawa ulifunguliwa tena Jumatatu tarehe 4 Oktoba 1976. Fok aliandika kwenye ubao: Kwa Foko na Mwape. Mama yetu alimtaka afute jina lake, akisema hataki kuchomwa na jua bila sababu. Fok hakufuta.

Mei 1978, watu waliokimbia vita vya Kolwezi walipofika mjini na watoto mgongoni, mlango wa mkahawa uliachwa wazi siku tisa, na hakuna aliyeulizwa kitu. Wapo waliokuja kilioni juzi wakasema, "Sisi tulikula pale." Mama yetu mwenyewe hakuwahi kutuambia habari hiyo kwa urefu. Alisema tu kwamba uji ulikuwa mwepesi kuliko alivyotaka.

Baba yetu Lucien alifariki tarehe 12 Oktoba 1981. Waliishi pamoja miaka thelathini na miwili. Mama yetu alikaa ndani siku arobaini, kisha akarudi jikoni na kitambaa cheusi kichwani, na kile chungu cha baba akakataza kisipikiwe mtu mwingine. Kimo nyumbani, na maji ya kunywa ya wajukuu yamo ndani yake.

Kikohozi kilimwanza mwaka 1985. Mwaka 1987 miguu ilivimba, na hospitalini daktari alimwambia kwamba moyo umechoka na kifua kimejaa moshi wa makaa, asikaribie moto tena. Alitii siku nne. Siku ya tano Clotilde alimkuta jikoni amesimama mbele ya mbabula sita, na alipogombezwa alisema alikuja kutafuta miwani yake. Mama yetu hakuwa na miwani. Walipatana kwamba atakaa kwenye kiti mlangoni na kusikiliza tu. Kutoka mlangoni, kelele za watu zikiwa zimejaa, aliweza kuita, "Ile ya tatu! Toa!" na wapishi walipofunua walikuta ukoko ndiyo kwanza umeiva. Katika miezi ile alimfundisha Clotilde kuchagua udongo, na mjukuu wake mkubwa kuufinyanga, akiwasifu kidogo na kuwakosoa sana.

Alilazwa tarehe 23 Mei mwaka huu. Kila asubuhi Fok, ambaye naye ana miaka sabini na mitatu, alitembea kutoka mkahawani na chungu kidogo cha uji wa wali kwenye kikapu. Wauguzi walimkataza siku ya kwanza. Siku ya pili walimletea kiti.

"Haina chumvi," mama yetu alimwambia.

"Daktari alikataza."

"Daktari eko anaikula?"

Walicheka wote wawili mpaka kikohozi kikaja. Fok alimshikia kikombe cha maji, akangoja, akaendelea kumlisha.

Alhamisi tarehe 9 Juni 1988, baada ya Baba Paroko kumpaka mafuta matakatifu, aliomba mto wake uinuliwe. Simone na Clotilde walikuwa pembeni yake. Aliuliza, "Nani eko ku moto?" Clotilde akamwambia ni Bahati, mdogo wetu wa mwisho. "Iko muzuri," akasema. Alilala usingizi, na saa tano na nusu asubuhi akatutoka akiwa hajaamka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, miezi miwili na siku ishirini na tatu.

Ameacha watoto wanne: Simone na mume wake, Clotilde, Chomba na mke wake, na Bahati. Ameacha wajukuu kumi na mmoja. Ameacha mdogo wake Virginie, aliyetoka Pweto kwa lori usiku na mchana ili amwone kabla hatujamfunika. Ameacha shemeji yake Mzee Kalaba na nyumba yake yote. Ameacha Mzee Nasoro, na wapishi tisa wa mkahawa, na ninyi majirani.

Juzi, tulipokuwa tunaandika orodha hii kilioni, kijana mmoja wa jamaa aliuliza kama jina la Fok linaweza kuwekwa, kwa kuwa si wa damu wala si wa ndoa, na programu ya mazishi inachapwa, itabaki. Wengine walikubaliana naye. Fok alikuwepo, alisimama ili atoke nje, tuongee bila yeye. Mzee Kalaba akamshika mkono wa koti, akamrudisha kwenye mkeka.

"Andika," akamwambia Clotilde.

"Tuandike eko nani yake, baba mukubwa?"

"Andika ndugu. Mi nilimufukuza mara moja. Mara ya pili, hapana. Na umuweke juu ya jina yangu."

Tumeandika hivyo kwenye programu, juu ya jina lake. Ameacha ndugu yake, Laurent Fok.

Miaka ishirini mama yetu alikuwa amesimama sisi wote tukiwa tumeketi. Leo sisi tumesimama. Yeye apumzike, kwa amani, na Mungu amkaribishe mezani.